Ndege wa Midomo Miwili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza, na zimeanza kwa fujo kama mgeni anayebisha hodi kwa teke. Mimi mtu wa vijiweni sasa nikae ndani kama kuku anayeatamia? Basi nimeshika kalamu. Mtu aliyefika bandari ambazo wenzake wanaziona kwenye kalenda tu hawezi kunyamaza msimu mzima, atapasuka. Darasa la sita niliachana nalo kwa hiari yangu, lakini mwandiko ninao, na maneno hayajawahi kunipungukia.

Wananiita Kapteni. Melini kazi yangu ilikuwa kupaka mitambo mafuta, kule chini kwenye joto, lakini ukapteni ni moyo, si kofia.

Mbele yangu hapa mezani kuna ile sarafu. Ni ya hamsini, ya zamani, ina ndege upande mmoja. Mtazame kwa jicho tupu, ni ndege tu. Mtazame kwa kioo cha kukuzia utaona ana midomo miwili, mmoja umelala pembeni ya mwenzake, na mwaka ulioandikwa chini ya miguu yake nao una kivuli, tarakimu ubavuni mwa tarakimu. Sisi wajuzi tunaita pacha. Alinipa marehemu mke wangu, akiwa ndani ya kibanda cha tiketi za sinema alikokuwa akiuza. Mji mzima huu hakuna mwingine mwenye nayo. Nimesema hivyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na hajatokea wa kunibishia.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimekula, nimelala, nimekula.

Jumamosi, 9 Machi

Kikao chetu cha sarafu, chumba cha nyuma cha duka la Fundi Miwani. Siku hizi tumebaki watatu: yeye, mimi, na Mama Stempu aliyestaafu posta. Wengine wamehama au wametangulia mbele ya haki. Zamani chumba kile kilikuwa kinajaa mpaka watu wanakalia ndoo. Moshi wa sigara, vicheko, mtu anapiga kelele "Nimepata! Nimepata!" na sote tunamvamia kama nzi. Leo tulikuwa tunasikizana tunavyopumua.

Mama Stempu alileta sarafu, uso unang'aa kama bibi harusi.

"Kapteni, angalia herufi hizi. Zimejirudia au hazijajirudia?"

Nikaishika kwa kingo, maana uso wa sarafu haushikwi, jasho la vidole ni sumu. Nikaitazama mara moja tu.

"Mama, hii ni ngazi."

"Ngazi nini? Tazama vizuri!"

"Nikitazama vizuri zaidi utaumia zaidi."

Niliwaeleza tena, ingawa wanajua, maana mimi nikieleza hata anayejua anajifunza. Sarafu inagongwa na muhuri wa chuma. Kama muhuri wenyewe ulipotengenezwa ulichorwa mara mbili na ukasogea kidogo kati ya mara ya kwanza na ya pili, basi sarafu zote utakazozigonga zitatoka na herufi pacha. Herufi hizo zimenona, zote mbili zina mgongo wa mviringo, na kwenye ncha zake kuna kipengo kidogo kama mwanya wa meno. Huyo ni pacha wa kweli, na watu watapanda ndege kuja kumwona. Lakini kama muhuri ni mzima ila mashine imelegea, basi ukishagonga unatikisika na kuiburuza herufi. Hapo pembeni ya herufi panabaki kijukwaa bapa, kama kidato cha ngazi. Pacha wa kweli huinenepesha herufi. Ngazi huila, ikakonda. Pacha ni mali. Ngazi ni sarafu ya kununulia kiberiti.

"Basi nitanunua kiberiti nikuchome nacho," akasema Mama Stempu, akacheka mpaka meno ya bandia yakataka kushuka.

Fundi Miwani hakucheka. Yule bwana ana uso kama mlango uliofungwa. Nilipoanza kuizungumzia ya kwangu, akainama kusafisha lenzi ambayo ilikuwa safi. Wivu huo. Miaka yote wivu ule ule.

Jumapili, 10 Machi

Leo nimetukanwa na mwanangu wa kumzaa.

Kitinda, binti yangu, mwisho wa uzao wetu, ni fundi umeme. Amepata kazi huko juu milimani kwenye bwawa la umeme. Mvua zikipungua na barabara ikipitika, anaondoka, na mkataba wake ni mrefu. Tulikuwa tunakula. Akaweka kijiko chini.

"Baba, nataka kwenda na ile sarafu ya mama."

"Utakwenda nayo wapi? Huko kuna matope."

"Nitaivaa shingoni. Nitaitoboa tundu dogo, nipitishe mkufu."

Chakula kilinipalia. Kuitoboa! Mwenye sarafu pacha hata kuipangusa kwa kitambaa haruhusiwi, huyu anataka kuipitisha msumari kama kifungo cha shati.

"Wewe una akili timamu?" nikamwambia. "Pacha akitobolewa amekufa. Ni sawa na kumng'oa mtu jicho ili upate mahali pa kumshikia."

"Kila mtoto wako ana kitu cha mama. Dada ana cherehani, kaka ana saa. Mimi nilikuwa mdogo, mkaniambia nitapewa nikikua. Nimekua."

"Chukua kabati la mama yako."

"Nitavaa kabati shingoni, baba?"

Nikasogeza sahani pembeni. Mwisho nikasema: "Tusubiri jua. Sijawahi kuihukumu sarafu hii kwa jua la ubavuni tangu nianze kuvaa miwani. Taa ni mwongo. Jua likitoka nitaitazama vizuri. Ikiwa pacha, haitobolewi, na wewe mwenyewe utakubali. Ikiwa ngazi, chukua."

Nilisema "ikiwa ngazi" kama mtu anavyosema "paka akiota pembe".

Akanitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama. "Sawa. Tusubiri jua."

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Ndoo mbili chini ya dari, moja inalia nene, moja inalia nyembamba.

Jumamosi, 16 Machi

Barabara ya dukani imekuwa mto. Hakuna kikao. Nimekaa na mawazo.

Nilikuwa kijana nimeshuka melini, mfuko umejaa sarafu za nchi za watu. Nikaenda sinema. Kwenye kibanda nikamwona binti, kidirisha chenyewe kidogo, unaona macho na mkono tu. Nikasukuma sarafu kwa madaha. Akairudisha nje kwa kidole.

"Hii si ya hapa."

"Imesafiri mbali kuja kukuona."

"Basi irudi ilikotoka. Anayefuata!"

Watu kwenye foleni walinicheka mpaka nikasahau nilikuja kuona picha gani. Kesho yake nikarudi na ya nchi nyingine. Akairudisha. Kesho kutwa tena. Mwisho akaanza kuniuliza, "Ya leo imetoka wapi?" Nami nikampigia chuku za bandari mpaka foleni nyuma yangu ikawa inatukana. Nilipoondoka na meli, nikamwambia aniwekee chochote cha ajabu kitakachopita mikononi mwake. Niliporudi, kabla sijafungua mdomo, ule mkono ulitoka kidirishani na sarafu ya ndege, imefungwa kwenye kipande cha tiketi.

"Macho yangu mabovu, au huyu ana midomo miwili?" akaniuliza.

Nikasema, "Ana midomo miwili kwa sababu ana mengi ya kukwambia."

Leo lile jengo la sinema ni ghala la simenti.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Kitinda ameuliza, "Jua vipi?" Nikamwambia nalo limestaafu.

Jumamosi, 30 Machi

Kikao. Mwenye bucha wa mtaa wa pili alikuja, kasikia sisi ni wataalamu. Jitu zima, mikono kama makasia, ila sarafu kaifunga ndani ya leso tatu. Ilikuwa ya marehemu babake, akasema, na babake siku zote aliwaambia kwamba ina maandishi mawili na ni hazina ya ukoo.

Nikaitazama. Ngazi. Kidato bapa kabisa, mtu anaweza kupanda na viatu.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "hazina ya ukoo wako ni ile mizani yako ya nyama, na yenyewe tunaijua inavyosoma."

Mama Stempu akacheka. Nami nikacheka. Mwenye bucha hakucheka. Aliikunja leso ya kwanza, ya pili, ya tatu, taratibu vile vile alivyokuja nayo, akasema asante. Hakuna asante mbaya kama ile.

Fundi Miwani akamfuata mlangoni. Nilimsikia akimwambia, "Mzee wako alikuwa na jicho. Wengi hawaoni hata hiyo ngazi." Yule jitu akasimama wima tena.

Nimerudi nyumbani utani wangu umechacha mdomoni.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Kitinda ameanza kufungasha. Anafungasha kimyakimya, nguo moja leo, moja kesho. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo limetoka.

Asubuhi nilisikia kimya nikadhani nimekuwa kiziwi, kumbe mvua imekatika. Jua likaingia kwa dirisha la jikoni, la chini, la ubavuni, safi kama limeoshwa. Kitinda alikuwa ameenda kuuliza habari za barabara. Nikachukua sarafu, kioo, kiti.

Niliigeuza taratibu, jua likapita juu ya ndege kama mkono. Nikautazama mdomo. Nikautazama mwaka.

Kioo kilikuwa na uchafu. Nikakifuta. Nikatazama tena.

Wingu likafunika. Kitinda aliporudi nikamwambia jua halikutosha.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimekwenda kwa Fundi Miwani peke yangu. Nilifika nimelowa chepechepe, nikavua koti mlangoni. Alikuwa akikaza skrubu ya miwani ya mtu. Hakuinua kichwa.

"Kapteni. Leo si Jumamosi."

Nikaiweka sarafu kwenye kile kitambaa chake cheusi. "Itazame," nikamwambia. "Miaka yote hujawahi kuniomba hata uitazame. Wivu ulikuzuia. Leo nakuruhusu. Itazame uniambie ni pacha."

Nilitaka aseme ni pacha, au aseme ni ngazi kwa wivu ili nimpinge. Vyote viwili vingenifaa.

Akavua miwani yake, akaifuta, akavaa tena. Hakuigusa sarafu.

"Sina haja ya kuitazama, bwana. Ninaijua."

"Unaijuaje, na hujawahi kuishika?"

"Nimeishika. Shemeji aliileta."

Nikasema, "Shemeji gani?" ingawa alikuwa mmoja tu.

"Mkeo. Wewe ulikuwa safarini. Alikuja mchana mmoja, imefungwa kwenye leso, akaniambia: fundi, nitazamie, mume wangu anaapa kwamba hii ni pacha, na nimechoka kuilinda watoto wasiichezee. Nikaitazama. Nikamwambia ukweli. Ni mashine ilitikisika, shemeji. Ni ngazi."

Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilitamani ipige zaidi nisisikie.

"Alisemaje?"

"Alicheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ile pale. Nami nikacheka. Halafu akaifunga tena kwenye leso. Akaniambia, usije ukamwambia. Kule melini kila mtu anamtuma, huyu paka mafuta hapa, yule paka mafuta pale. Akirudi, akiishika sarafu hii mbele za watu, anakuwa mkubwa. Mwache awe mkubwa."

Nilikaa. Nadhani nilikikalia kiti, sina hakika.

"Na Mama Stempu?"

"Anajua. Wote walikuwa wanajua, hata waliotangulia."

"Mlinicheka miaka yote!"

"Kapteni," akasema, na hii ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akipandisha sauti, "kama tungekucheka, tungekucheka mbele yako. Unajua jinsi ulivyo mtamu kuchekwa? Tulinyamaza. Mimi nimeitwa mwenye wivu humu dukani mwangu, nikinywa chai yangu mwenyewe, na nikanyamaza. Niliahidi."

Nikachukua sarafu, nikachukua koti, nikaondoka. Kofia nimeisahau kule. Ibaki.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Sisemi na mtu.

Jumamosi, 20 Aprili

Sikwenda kikaoni. Wamtafute mwingine wa kumstahi.

Jumanne, 23 Aprili

Nimekuwa nikimkasirikia marehemu, na hii ni kazi ngumu, maana hajibu. Niliiambia picha yake ukutani, "Ulinifanya bwege." Akaendelea kutabasamu.

Halafu nikakumbuka jinsi alivyokuwa akifanya wageni wakija. Chai ikishamiminwa, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema, "Baba Kitinda, waonyeshe ile sarafu yako." Mimi najitia hamnazo, "Aa, hawa wamechoka." Yeye anang'ang'ania: "Waonyeshe bwana!" Kisha anakaa pembeni na kunisikiliza nikielezea muhuri na mviringo na mwanya wa meno, hadithi aliyoisikia mara elfu, tena akijua kwamba si kweli. Wala hakuwa anaitazama sarafu. Alikuwa ananitazama mimi.

Na mimi nilikuwa naitazama sarafu.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua zimekuwa za jioni tu. Barabara imefunguka, lori la kwanza limepita. Kitinda anaondoka wiki ijayo.

Leo baada ya chakula nikaiweka sarafu mbele yake. Na hapa, kwa kuwa naandika peke yangu, nitasema nilivyopanga. Nilipanga nisimwambie. Nilipanga nimpe kama mfalme anavyotoa mji. Mtu akishaukosa utajiri, angalau abaki na ukarimu wake.

"Mwanangu," nikasema, nikasimama kabisa, "nimetafakari. Hii ni pacha, hakuna shaka. Lakini dhahabu ni nini mbele ya mtoto? Chukua. Toboa. Mimi nipo radhi dunia nzima inicheke."

Nilisubiri aruke anikumbatie. Hakuruka. Alinyoosha mkono, akairudisha upande wangu kwa kidole kimoja.

"Hapana, baba. Kama ni pacha kweli, siwezi. Umeitunza maisha yako yote. Nikiivaa nitakuwa nimevaa kidonda chako. Ibaki. Nitakwenda hivi hivi."

Na akainuka akaanza kukusanya vyombo, macho yamemjaa.

Lahaula! Nimetoa hotuba nzuri kuliko zote za maisha yangu, nayo imenifungia mlango. Nilimwona anapeleka sahani jikoni, mabega yameshuka, nikajua nina sentensi moja tu ya kumfaa, na ni ile ambayo mdomo wangu haujawahi kuitamka. Nilipita bandari zote zile, nikajifunza salamu za kila lugha, na maneno matatu yamekwama hapa kooni.

"Kitinda."

"Abee."

"Ni ngazi, mama."

Akageuka. "Nini?"

"Si pacha. Ni ngazi. Mashine ilitikisika. Njoo uone." Nikamshikisha kioo, nikamwonyesha: pale ambapo pangekuwa na mgongo wa mviringo ni bapa, na tarakimu imekonda, imeliwa. Nilimwelezea kama nilivyokuwa nikiwaelezea wageni, ila kinyume. Nikamwambia pia kwamba mama yake alijua, na kila mtu alijua.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaushika mlango wa jikoni, na nikaona kabisa, kwa macho yangu, jinsi mtu mwingine alivyoshika nguzo dukani mchana ule nikiwa baharini. Nikacheka na mimi. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

"Sasa naichukua," akasema, anafuta machozi.

"Chukua upesi kabla sijabadili hukumu."

Alhamisi, 2 Mei

Tumekwenda sote wawili kwa Fundi Miwani. Ana keekee nyembamba ya kutobolea fremu. Nilipoingia hakuna aliyejua aseme nini, basi nikasema mimi, maana kazi hiyo ni yangu.

"Fundi, nilikuita mwenye wivu."

"Uliniita na mengine."

"Yote narudisha. Lile la uso kama mlango nabaki nalo."

Akacheka. Bwana yule ana meno mazuri, nani angejua?

Akamuuliza Kitinda atoboe wapi. Kitinda akasema popote, ila usiguse mdomo wala mwaka, ile mitikisiko yote ibaki. Fundi akaibana sarafu, akanitazama kwanza, kama daktari anavyomtazama mwenye mgonjwa. Nikamwambia endelea. Keekee ikalia. Mimi nilishika ukingo wa meza. Alipomaliza, mwanga ulipita katika lile tundu ukaanguka juu ya kitambaa cheusi, kitone kidogo.

Jumapili, 5 Mei

Ameondoka kwa basi la asubuhi. Nilimwambia dereva aendeshe polepole, amebeba mali. Kitinda akanifinya mkono.

Jumatano, 8 Mei

Jua. Nimeanika magodoro. Nyumba kubwa hii.

Jumapili, 26 Mei

Kitinda amepiga simu. Huko juu kuna baridi, chakula hakina chumvi, lakini kazi anaipenda. Anasema kuna jamaa mmoja mfunga mitambo, mjuaji anayejua kila kitu, aliishika sarafu shingoni mwake akaigeuza geuza, akamwambia, "Dada, pole, hii si pacha. Hii mashine tu ilitikisika."

"Ukamjibuje?" nikamuuliza.

"Nikamwambia najua, baba yangu ndiye aliyenisomea hiyo sarafu."

Nikamwambia mtandao mbaya, simsikii vizuri, nikakata. Nikapangusa miwani. Kisha nikampigia mimi.